Kurusha kioo cha laptopu kwenye TV bila waya, na bila kula bando

Idi ya mwaka jana nilikuwa nyumbani Tanga, video ya harusi ya dada ndo imetoka kwa mpiga picha, iko kwenye laptopu yangu na nyumba imejaa watu. Tukachomeka flashi kwenye TV, TV ikasema faili halisomeki. Basi watu kumi na kitu wakabanana mbele ya kioo cha inchi 14, bibi kapewa kiti cha mbele kabisa na bado kila dakika anauliza huyo anayecheza ni nani, kwasababu macho yake hayapati tena vitu vidogo, na TV kubwa iko palepale ukutani imezimwa. Nilihangaika karibu saa nzima, nikashusha maapu matatu ya ajabu ajabu, bando lote la hotspoti likaisha, alafu mwisho ikaja kujulikana kwamba nilichokuwa natafuta kilikuwa ndani ya laptopu siku zote na wala hakihitaji intaneti. Ndo maana naandika hii, ili mwingine asije akamkosesha bibi yake harusi ya mjukuu kwa kitu cha dakika mbili.

Kwanza elewa hili kabla hujabonyeza chochote, maana matatizo karibu yote yanaanzia hapa. Njia ya kurusha siyo moja, ziko tatu, na kila moja ni lugha yake. Laptopu ikiongea lugha ambayo TV haiisikii zitakaa chumba kimoja mpaka kunakucha na hazitaonana.

Ya kwanza ni Miracast. Hii imetolewa na Wi-Fi Alliance, ule umoja wa kampuni za waifai, mwaka 2012 na imo ndani ya Windows kuanzia 8.1, kwahiyo kama una Windows 10 au 11 huhitaji kushusha kitu. Ya pili ni Google Cast, wengi wanaijua kwa jina la Chromecast, hii inatumia brauza ya Chrome. Ya tatu ni AirPlay, ya wenye MacBook.

Sasa tofauti yake muhimu ni hii, na mimi ingenisaidia sana kama kuna mtu angenitajia mapema: Miracast inaunganisha laptopu na TV moja kwa moja, mawimbi yanatoka kwenye laptopu yanaingia kwenye TV, hamna ruta katikati, hamna intaneti, hamna bando. Unaweza ukawa kijijini hakuna mtandao wowote na ikafanya kazi. Lakini Google Cast na AirPlay kwa kawaida zinataka laptopu na TV ziwe kwenye waifai ileile moja. Mtu akichanganya haya mawili ndo unamkuta anaunganisha TV kwenye hotspoti ya simu kwa ajili ya Miracast, au anajaribu Chromecast wakati laptopu iko kwenye waifai ya ndani na TV iko kwenye hotspoti ya simu ya mjomba.

TV yako inasikia lugha gani? Samsung, LG na Hisense zenye VIDAA (mfumo unaoendesha TV za Hisense) nyingi zinasikia Miracast. TV yoyote yenye Android TV au Google TV, zikiwemo nyingi za TCL na Sony, hiyo Google Cast inayo kwa uhakika, Miracast ni bahati, zingine wameweka zingine hawajaweka. AirPlay iko kwenye TV nyingi za Samsung za kuanzia 2018 na LG za kuanzia 2019. Kama hujui TV yako ni ipi shika rimoti ubonyeze kitufe chenye kinyumba, ukiona Google Play humo ujue ni ya Google.

Tuanze na Miracast maana watu wengi wana Windows.

Washa TV. Kwenye LG tafuta apu inaitwa Screen Share uifungue uiache wazi. Kwenye Hisense inategemea toleo, utakuta jina kama Anyview Cast au Screen Sharing. Samsung za zamani unaingia kwenye Source unachagua Screen Mirroring, za miaka ya karibuni hazihitaji hata hilo, zenyewe zinasikiliza muda wote ikiwashwa tu. Hakikisha pia waifai ya laptopu imewashwa, hata kama hujaiunganisha popote, hata kama intaneti unapata kwa waya, kwasababu Miracast inatumia ileile antena ya waifai, ukiizima hamna kitu.

Sasa kwenye laptopu shikilia kile kitufe chenye alama ya Windows alafu bonyeza K. Pembeni kitafunguka kibox kinatafuta vifaa. Subiri, usiwe na haraka, wakati mwingine inachukua sekunde 20 au zaidi kuiona TV. Jina la TV likitokea libonyeze, kisha geuka uangalie TV, kwasababu hapo TV inauliza kama unaruhusu hii laptopu iunganishwe, na wengi wanabaki wanakodolea laptopu mpaka lile swali linapita. Chagua Allow kwa rimoti. TV zingine zinaonyesha namba badala ya swali, unaiandika kwenye laptopu. Baada ya hapo kioo chako kinatokea kwenye TV.

Haikutokea? Nitaeleza kwa mpangilio ambao mimi naufuata, wa rahisi kwanza.

Kama Windows yenyewe inakwambia kifaa hakisapoti Miracast, usiamini moja kwa moja. Fungua Command Prompt, kile kidirisha cha kuandikia amri, andika netsh wlan show drivers, bonyeza Enter, alafu shuka chini kabisa mpaka uone mstari unaoanza na Wireless Display Supported. Mbele yake wanakwambia Yes au No, na kwenye mabano wanataja vitu viwili, draiva ya picha na draiva ya waifai (draiva ni programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa), kila kimoja na jibu lake. Huu mstari ni dhahabu kwasababu unakuonyesha mgonjwa ni nani. Ikiwa draiva ya picha ndo ina No, nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu ushushe draiva ya modeli yako, hii inatokea sana kwa laptopu zilizopigwa Windows upya na fundi akaacha draiva ya kawaida ya Microsoft. Ikiwa ya waifai ndo ina No hata baada ya kuapdeti, basi kadi ya waifai ni ya zamani, hamia kwenye Chrome, nitaeleza chini.

Kama mstari unasema Yes na jina la TV linatokea lakini kila ukibonyeza inazunguka weee alafu inasema imeshindikana, hapo shuku TV. Hiki ndo kilichonipata mimi Tanga. Mpwa wangu alikuwa ameshika rimoti, lile swali likatokea, yeye akabonyeza Deny ili liondoke aendelee na katuni, na TV ikakumbuka. Ukishakataliwa mara moja TV haiulizi tena, inakukatalia kimyakimya kila siku na laptopu haikwambii sababu. Dawa yake ni kuingia kwenye setingi za TV utafute orodha ya vifaa vilivyowahi kuomba kuunganishwa, kwenye Samsung nyingi iko chini ya General, alafu External Device Manager, alafu Device Connection Manager, humo kuna Device List, utakuta jina la laptopu yako limezuiwa, lifungulie au lifute kabisa. Na upande wa laptopu nako ingia kwenye setingi za Bluetooth na vifaa, ukiikuta TV kwenye orodha iondoe, alafu anza upya. Zima TV kwa kuchomoa kwenye soketi, siyo kwa rimoti, maana kwa rimoti inasinzia tu. Subiri kama dakika moja, rudisha. Kwangu ilikubali mara ya kwanza baada ya hapo na nilikasirika kweli nikifikiria ile saa nzima.

Kingine, VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye njia ya siri. Kama una VPN imewashwa izime wakati wa kuunganisha. Na kama ukiwa kwenye waifai yako ya nyumbani inagoma, angalia Windows imeuwekea huo mtandao Public au Private. Ikiwa Public inajifungia na kuzuia vifaa vingine kuiona, ambayo ni sawa kabisa ukiwa kwenye mgahawa lakini siyo nyumbani kwako.

Ikishakubali, bonyeza alama ya Windows pamoja na P. Hapa unachagua TV ionyeshe nini. Duplicate ni kioo kilekile pande zote mbili. Extend inafanya TV iwe kioo cha pili, kama umeongeza meza nyingine pembeni ya meza yako. Second screen only inazima kioo cha laptopu inabakiza TV peke yake. Watu wengi wanaishia kwenye Duplicate na mimi nawashauri mzoee Extend, kwasababu ukiwa kwenye Duplicate kila kitu chako kiko hadharani, meseji ya WhatsApp ikiingia shangazi anaisoma, ukitafuta faili watu wanaona mafolda yako yote. Kwenye Extend unaiburuta ile video tu kuelekea upande wa TV, na wewe unabaki na kioo chako kwa mambo yako. Kwa mwalimu au mchungaji anayerusha slaidi ndo usiseme, kanisa linaona slaidi na wewe unasoma maelezo yako. Na hata hivo funga WhatsApp ya kwenye kompyuta kabla ya kuanza, usalama kwanza.

Sauti. Mara nyingi inahamia TV yenyewe, ila kuna siku picha inaenda TV na sauti inabaki kwenye vispika vidogo vya laptopu. Bonyeza alama ya spika kule chini kulia, fungua orodha ya vifaa vya kutolea sauti, chagua jina la TV. Kama picha imekatwa kingo, yani huioni ile sehemu ya chini yenye saa, usihangaike na laptopu, hilo ni la TV, ingia kwenye setingi za picha tafuta Picture Size au Aspect Ratio uchague Fit to Screen, kwenye LG za miaka kadhaa nyuma inaitwa Just Scan. Maandishi yakiwa madogo sana mtu wa kwenye kochi hawezi kusoma, ingia Display kwenye Windows, chagua kioo cha TV alafu panda Scale iwe 150%.

Sasa kukwamakwama, ile picha inaenda inasimama inaenda. Hili ndo lalamiko namba moja na lina sababu ambayo haionekani kwa macho. Laptopu nyingi zina redio moja tu ya waifai. Ukiwa umeunganisha kwenye ruta na wakati huohuo unarusha kwa Miracast, ile redio moja inaweza kulazimika kurukaruka kati ya chaneli mbili, huku inaongea na ruta, huku inaongea na TV, na kila ikiruka picha inasita. Kwahiyo kama unachoangalia kiko ndani ya laptopu, kata muunganiko wa ruta, usizime waifai, bonyeza tu Disconnect kwenye jina la mtandao. Utashangaa. Kama unahitaji intaneti basi tumia ule mtandao wa ruta wa 5 GHz kama upo, maana 2.4 GHz imejaa kila mtu, majirani wote wako humo, Bluetooth iko humo, hata maikrowevu ikiwashwa inavuruga mawimbi hayohayo. Ila 5 GHz haipendi kuta, kaa chumba kimoja na TV. Kuna setingi nyingine pia kwenye Windows 10, ukiwa umeunganishwa kuna kimstari kinatokea juu ya kioo chenye alama ya gia, ukiingia unachagua unafanya nini, kucheza gemu, kufanya kazi, au kuangalia video. Ukichagua video inakusanya picha kidogo kabla ya kuonyesha, kwahiyo mausi itachelewa kwenye TV lakini muvi inatulia. Kwa gemu za mbio mbio mi siwezi kukudanganya, nunua waya wa HDMI, hakuna njia ya hewani itakayokuridhisha.

Na chomeka chaja. Kurusha kunakula betri, na laptopu ikiwa kwenye betri inabana matumizi na picha inaharibika. Usifunge kifuniko pia, ukikifunga laptopu inalala na TV inakatika, isipokuwa umebadilisha setingi za kifuniko kwenye Power Options.

Tuje kwenye Chrome, kwa wenye TV za Google, au waliopachika Chromecast au kisanduku cha Google TV kwenye TV ya kawaida. Unganisha TV na laptopu kwenye waifai moja. Fungua Chrome, bonyeza vile vidoti vitatu juu kulia, tafuta Cast, kwenye matoleo mapya iko ndani ya Cast, save, and share. Kibox kikifunguka usikimbilie jina la TV, kwanza angalia palipoandikwa Sources, hapo unachagua kama unarusha tabu moja au kioo kizima. Tabu moja ni nyepesi zaidi na sauti yake inaenda vizuri, kioo kizima kinatumia nguvu nyingi. Kama ni YouTube usirushe tabu, bonyeza ile alama ya Cast iliyoko kwenye video yenyewe, hapo laptopu inaiambia TV tu video iko wapi na TV inaivuta yenyewe kutoka mtandaoni, unaweza hata kuendelea na kazi nyingine. Kumbuka lakini kwamba hapo bando linaliwa na TV, na TV inapenda kuvuta ubora wa juu, kwahiyo kama ni hotspoti ya simu shusha ubora.

Kwa video zilizoko ndani ya laptopu kuna njia nzuri kuliko zote hizo na watu wachache wanaijua, nayo ni VLC. Kuanzia toleo la 3.0 lililotoka Februari 2018 VLC inaweza kutuma video kwenye Chromecast. Fungua video, nenda Playback, alafu Renderer, chagua TV. Hairushi kioo, inatuma video yenyewe, na faili ambalo TV hailisomi VLC inalitafsiri njiani wakati linaenda. Mara ya kwanza itakuuliza kuhusu cheti cha usalama ambacho haikitambui, kubali. Video ya harusi ya masaa matatu nimeionyesha kwa njia hii baadaye Dar na haikusita hata mara moja, na laptopu nimeiminimaizi naandika barua pepe zangu.

Kama TV haionekani kabisa kwenye Chrome na una uhakika ziko kwenye waifai moja, angalia usije ukawa kwenye mtandao wa wageni. Mitandao ya wageni, ya hoteli, ya hosteli za chuo na maofisi mengi inazuia makusudi kifaa kimoja kisimwone mwenzake, kila mmoja anapewa intaneti lakini hamjuani. Hapo hata ufanye nini Cast haitakubali, rudi kwenye Miracast kama TV inayo, au washa hotspoti yako mwenyewe uziunganishe zote mbili humo.

Netflix na wenzake. Ukirusha ukakuta sauti ipo, maandishi yapo, lakini picha ni nyeusi tii, laptopu haijaharibika. Ni ulinzi wa haki za wenye muvi, video imefungwa ili isinakiliwe na wakati mwingine ule ulinzi unakataa kupita hewani. Usipoteze jioni yako kutafuta ujanja, tumia apu ya Netflix iliyoko kwenye TV yenyewe, akaunti ni ileile.

Wenye MacBook yenu ni fupi. TV na laptopu waifai moja, kwenye setingi za TV hakikisha AirPlay imewashwa, alafu juu kulia kwenye Mac fungua Control Centre, Screen Mirroring, chagua TV, andika namba nne zitakazotokea kwenye TV mara ya kwanza. Kwenye Samsung au LG ya zamani isiyo na AirPlay, Mac haijui Miracast kabisa, kwahiyo hapo ni waya au kifaa cha kupachika.

Na kwa TV isiyo smart lakini ina tundu la HDMI, vile vidude vya kupachika vinavyouzwa Kariakoo kwa jina la Anycast vinafanya kazi ya Miracast. Ubora unatofautiana sana kwahiyo omba muuzaji akijaribu mbele yako na laptopu yako, siyo na simu yake. Na umeme wake usiutoe kwenye tundu la USB la TV ya zamani kama kinazimazima, lile tundu mara nyingi halitoi umeme wa kutosha, tumia kichwa cha chaja ya simu.

Ukimaliza, usiondoke tu na laptopu. Bonyeza tena Windows na K, chagua Disconnect, na kama ulikuwa kwenye Extend hakikisha madirisha yote yamerudi upande wako, la sivyo kesho unafungua programu na huioni popote kwasababu inajifungulia kwenye TV iliyoko Tanga. Ikikutokea, ibonyeze pale chini kwenye taskbar ili uwe umeichagua, shikilia alama ya Windows pamoja na Shift, bonyeza mshale wa kushoto au kulia, itarudi.